Itifaki Imezingatiwa: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Kuhusu Hadithi Zangu za Vifo

Kila nikisambaza hadithi mpya, simu inajaa maswali yale yale. Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa herufi kubwa. Nimeamua kuyajibu hapa mara moja, ili atakayeuliza tena nimtumie ukurasa huu na mimi nirudi masjala, ambako ndiko mshahara unakotoka. Sikuyapanga kwa umuhimu. Nimeyapanga jinsi yalivyonichosha.

Hizi ni hadithi za kutisha au za kuchekesha?

Ni hadithi fupi, kurasa nne au tano, ambamo watu wenye heshima zao wanafanya mambo ya heshima. Wanakaribishana chai, wanachangishana, wanaulizana hali za watoto. Katikati hapo mtu anakufa, au anaingia mnyama ambaye hakualikwa, na wenyewe wanaendelea kupitishiana sukari. Kicheko hakitoki kwenye kifo. Kinatoka kwenye sukari.

Ukiniambia imekutisha, nashukuru. Ukiniambia imekuchekesha, nashukuru. Ukisema umecheka halafu ukageuka kuangalia kama kuna aliyekuona, wewe nakununulia soda.

Umeutoa wapi mtindo huu? Si wa Kizungu?

Nusu. Aliyeniambukiza anaitwa Saki, Mwingereza ambaye jina lake la nyumbani ni Hector Hugh Munro. Nilikutana naye kwenye kitabu kisicho na jalada, kwa muuza vitabu vya mitumba, nikamsoma nimesimama hadi muuzaji akaniuliza kama nataka na kiti.

Alizaliwa mwaka 1870 Akyab, huko Burma, baba yake akiwa mkubwa wa polisi wa serikali ya kikoloni. Mama yake akapelekwa Uingereza akiwa mjamzito, kwa kuwa kule ndiko salama. Akiwa huko huko kwenye usalama, ng'ombe alimvamia, mimba ikatoka, na mama akafa. Ilikuwa mwaka 1872 na Hector bado mtoto wa kubebwa. Sisi wa Ugogo, huku Dodoma, tumezaliwa katikati ya ng'ombe na hatuoni ajabu kubwa, lakini hebu fikiria: umepona homa za Burma, unakwenda kuuawa na ng'ombe wa kijijini Uingereza. Mtu akiniambia hadithi za Saki zimetiwa chumvi, huwa namtajia ng'ombe huyo.

Watoto watatu wakabaki kwa bibi yao na mashangazi wawili, Charlotte na Augusta, katika kijiji cha Pilton, Devon. Na hawa walikuwa mashangazi hasa, dada wa baba, si kila mama mtu mzima anayeitwa shangazi. Walikuwa wakali, waliwafungia watoto ndani, na wao kwa wao hawakupatana. Atakayewahi kuwa na shangazi anayeendesha ukoo atanielewa bila maelezo. Mtoto yule alikua akiwatazama watu wazima wakionyeshana adabu huku wakichukiana, na dada yake Ethel, aliyekuja kuandika maisha yake, alimtambua shangazi Augusta ndani ya hadithi.

Ukubwani alijaribu upolisi Burma kama baba yake, malaria ikamrudisha. Akawa mwandishi wa magazeti, akatumwa nchi za Balkani na Urusi, na kuanzia mwaka 1904 akawa anatoa vitabu vya hadithi fupi. Vita Kuu ilipoanza alikuwa na miaka 43, umri wa kukaa nyumbani na kutoa ushauri. Yeye akajiandikisha askari wa kawaida na kukataa kupewa uofisa. Aliuawa kwa risasi Ufaransa mwezi Novemba 1916, alfajiri yenye giza, na inasimuliwa kuwa maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kumkemea askari mwenzake azime sigara. Julai ya mwaka huo huo jeshi la upande wake lilikuwa limeingia hapa Dodoma na kuwaondoa Wajerumani. Sina la kufanya na habari hiyo, ila huwa naikumbuka nikipita stesheni ya zamani.

Hiyo ndiyo nusu ya Kizungu. Nusu ya pili niliipata kabla sijajua kusoma. Nani hakusimuliwa habari za Abunuwasi na sufuria? Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani: imezaa. Jirani anapokea kwa furaha, wala haulizi sufuria inazaaje. Mara ya pili Abunuwasi anaazima, hairudishi: imekufa. Jirani anapiga kelele, sufuria inakufaje? Na Abunuwasi anamuuliza ilivyozaa mbona hakushangaa. Muungwana mwenye tamaa, kifo kisichowezekana, na adabu iliyotumika kama mtego. Hakuna nilichoandika mimi kilicho kipya kuliko hicho.

Jina "Saki" maana yake nini?

Inasemekana alilichukua kwenye mashairi ya Omar Khayyam, ambamo saki ni yule anayewamiminia wengine divai. Kwa mji unaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, nadhani tunamstahili.

Ni kweli aliandika hadithi ya fisi?

Kweli kabisa, na ndiyo iliyonifanya nianze kuandika.

Mabibi wawili wa tabaka la juu wamekwenda kuwinda mbweha juu ya farasi. Wanapotea njia, na badala ya mbweha wanakutana na fisi aliyetoroka kwenye hifadhi ya tajiri mmoja wa jirani. Fisi hana wasiwasi, anawafuata kama mbwa. Njiani wanampita mtoto maskini anachuma matunda pori. Kidogo wanasikia kilio nyuma yao, fisi anawapita na kitu mdomoni, anaingia kichakani. Kilio kinaendelea, kisha kinanyamaza. Mabibi wanazungumza. Mmoja anaona vibaya, mwingine anaona vibaya pia lakini kwa namna ya mtu aliyeletewa chai imepoa. Baadaye gari linamgonga fisi, kijana mwenye gari anadhani ameua mbwa wa thamani, na yule bibi wa chai iliyopoa, mwenye cheo cha baroni, anamwacha adhani hivyo. Wanamzika fisi kwa heshima. Kisha bibi anatumiwa bruchi (pini ya pambo la nguo) ya almasi kama pole. Anaiuza. Mwenzake anadai sehemu yake, hapewi.

Mtoto je? Hakuna anayemuulizia. Hapo ndipo hadithi nzima ilipolala, na mwandishi hajakuonyesha kwa kidole hata mara moja.

Nilipoisoma nilicheka kwa sababu nyingine pia. Kwake fisi ni kioja, mnyama wa kutoka mbali. Kwetu fisi ana wenyewe. Kuna watu watakwambia bila kupepesa macho nani anampanda fisi gani usiku, na kwamba huwezi kujua dume ni yupi na jike ni yupi. Cha ajabu, hata yule baroni wa Saki hakujua, akampa fisi jina linalofaa pande zote mbili. Nikajiuliza: fisi huyu angeingia kwenye sherehe ya watu wa heshima hapa Dodoma, ingekuwaje?

Nikaandika ile ya send-off ya kule Iyumbu, bustanini, saa tatu usiku. Fisi anaingia kupitia geti la wageni maalumu. Hakuna anayemfukuza, kwa kuwa hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumfukuza kabla haijajulikana amekuja na nani.

Dodoma ina waungwana gani wa kukejeliwa? Si mji wa wakulima na watumishi?

Swali hili huulizwa na watu wa Dar es Salaam.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973. Watu walikuja kuhama kwa wingi kuanzia 2016, na 2018 sheria ikaufanya Dodoma kuwa makao makuu rasmi. Serikali ilipohamia ilikuja na mafaili yake, na juu ya mafaili ilikuja na itifaki. Mimi ni mzaliwa wa hapa. Nakumbuka sherehe ambayo mgeni alikaa palipo na kivuli. Leo mgeni anakaa palipoandikwa cheo chake.

Angalia viti. Katika shughuli ya kawaida ya mjini kwetu kuna ngazi nne. Chini kabisa ni kiti cha plastiki kisicho na mikono, cha majirani na waliokuja na watoto. Kinafuata cha plastiki chenye mikono, cha wakuu wa idara na baba wadogo. Cha tatu ni kile kile cha plastiki, ila kimevishwa shuka jeupe na kufungwa utepe kiunoni, na kwa hiyo kimekuwa kiti kingine. Cha nne ni sofa, limebebwa kutoka sebuleni kwa mwenye nyumba, na watoto wa nyumba hiyo wanalitazama kwa mbali kama ndugu aliyepata ubunge. Mwezi wa nane upepo wa Dodoma unaanza, vumbi linapanda, shuka za ngazi ya tatu zinapeperuka, na mara unaona mkurugenzi amekaa kwenye kiti kile kile cha jirani yake. Nimeona mtu akimwita kijana wa viti katikati ya sala ya kumwombea marehemu ili afungwe utepe upya.

Halafu mtu anasimama kwenye kipaza sauti, anasema itifaki imezingatiwa, na anaanza kuwataja wote mmoja mmoja.

Tuwekee kipande cha ile ya kikao cha harusi.

Haya, sehemu ya mwanzo. Msiniombe iliyobaki.

*Kikao cha nane cha kamati ya harusi kilifunguliwa kwa sala saa kumi na moja na nusu jioni, kwenye ukumbi mdogo wa nyuma, Area C. Mwenyekiti alifariki kwenye ajenda ya tatu.*

*Aliyegundua ni mhazini, kwa sababu alimuuliza habari ya hela na hakuzungusha maneno.*

*"Waheshimiwa wajumbe," katibu alisema akisimama, "inaonekana mwenyekiti wetu ametangulia mbele za haki. Akidi inatimia bila yeye?"*

*Wakahesabu. Ilitimia, endapo mpiga picha angehesabiwa kuwa mjumbe.*

*"Basi tumalizie ndafu," alisema mama wa bibi harusi, "maana mwenye mbuzi anataka cha kutangulizia leo." Akavua mtandio wake wa sare, akamfunika mwenyekiti. Akafikiri kidogo. Akaufunua, akaukagua, akaukunja akautia mkobani, na kumfunika gazeti.*

*Mjadala wa ndafu ulikwenda dakika arobaini. Mjumbe wa vinywaji alipendekeza mbuzi mmoja. Baba mdogo wa bwana harusi akasema mbuzi mmoja ni kama msiba. Pakawa kimya, watu wakalitazama gazeti, kisha wakapitisha mbuzi wawili.*

*Ndipo mhazini akanyosha mkono. Ahadi ya mwenyekiti ilikuwa laki tano, na mpaka dakika ile hakuwa ametoa hata shilingi.*

*"Jamani, tusiwe na roho ngumu," alisema mama wa bibi harusi, akijifuta macho. "Marehemu alikuwa mtu wa watu. Mpeni mjane mpaka Ijumaa."*

*Muhtasari uliosambazwa kwenye kundi usiku ule una mstari mmoja tu kuhusu jambo hilo, chini ya kichwa cha waliotoa udhuru: Mwenyekiti, udhuru wa kudumu.*

Huyo mwenyekiti ni mjomba wangu?

Hapana. Mjomba wako alitoa mchango wake.

Kucheka maiti si kinyume cha mila zetu?

Hili ndilo nililoulizwa zaidi ya yote, na mara nyingi na watu wanaovaa mila siku za sherehe tu.

Mila zipi? Mimi nimekulia kwenye misiba yenye watani. Babu yangu alipofariki tulikwenda kumzika kijijini, upande wa Mpwapwa. Jeneza liko kwenye kigoda, mchungaji anajiandaa, mara akatokea mama mmoja mtani wetu amevaa koti la babu, kofia ya babu, fimbo ya babu. Anachechemea kama babu. Akaenda hadi penye jeneza, akaligonga kwa fimbo, akasema kwa sauti ya babu: "Toka humo, hapo ni mahali pangu, na ugoro wangu umeuweka wapi?" Kisha akalala chini mbele ya wabebaji na kugoma kunyanyuka mpaka alipwe. Bibi, ambaye siku mbili alikuwa hajala wala kusema neno, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ndiyo mara ya kwanza tangu kifo kile tukajua kwamba bibi atapona.

Pembeni yangu alikuwa amekaa mgeni wetu kutoka mjini, mtu wa cheo, kwenye kiti chenye utepe. Alimwinamia mshereheshaji akamuuliza taratibu: "Huyu mama yupo kwenye ratiba?"

Tangu siku hiyo najua ninayemwandikia na ninayemwandika. Utani wa msibani ni kazi, ina wenyewe na ina mipaka: mtani anaruhusiwa kumcheka marehemu kwa sababu kesho yeye akifa ataigizwa hivyo hivyo, na kwa sababu analipa kwa kuchota maji, kuchimba kaburi na kupika. Heshima ya mjini imemfukuza mtani, ikabakiza mshereheshaji anayesoma majina ya walioleta mashada. Mimi najaribu kumrudisha mtani kupitia dirishani. Sijui kuchimba kaburi, lakini kuandika naweza.

Kwa upande wa dini, nimezungumza na mchungaji wangu. Alisoma mbili, akaniambia ya pili imemgusa, kisha akaomba nisimwambie mama mchungaji kwamba ameisoma.

Kuna kitu ambacho hukifanyii mzaha?

Njaa. Wazee wa hapa wana neno, Mtunya. Ni njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya pande zote mbili za vita yalipita Ugogo yakichukua nafaka, mifugo, na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosa. Neno lenyewe linabeba maana ya kugombaniana. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake, na alipolitaja alishusha sauti, karne moja ilikuwa inakaribia kutimia, lakini sauti ilishuka kama jambo la jana. Nilijaribu kuandika hadithi ya watu wa heshima wanaokula wakati huo. Niliandika ukurasa mmoja, nikauchana.

Kejeli inamfaa aliyeshiba. Ukimchekea mwenye njaa umekuwa yule baroni wa fisi, na bruchi hupati.

Hadithi zako ni kejeli au tashtiti? Nina mtihani.

Shuleni nilifundishwa kwamba tashtiti ni kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana. Kwa wahakiki wengine tashtiti ni kazi nzima inayofichua upuuzi na maovu ya jamii kwa kuyacheka. Kwa hiyo ukiniandikia "hivi wewe dada humwogopi Mungu?" umetumia tashtiti ya kwanza kuipinga tashtiti ya pili. Kwenye mtihani andika anachotaka mwalimu.

Watoto wanaweza kusoma?

Wanaweza, tena wao ndio wanaoelewa haraka. Mwangalie Saki mwenyewe: kwake watoto na wanyama ndio wanaosema kweli, watu wazima ndio wanaodanganya kwa adabu. Ana hadithi ya mtoto mgonjwa anayelelewa na ndugu mwanamke asiyempenda, ambaye kila anachokipenda mtoto yeye anakiondoa "kwa faida yako". Mtoto anaficha bandani mnyama mkali, kicheche (mnyama halisi, si huyo mnayemfikiria), na anamwabudu kama mungu. Siku moja mlezi anaingia bandani kukagua. Mtoto anasubiri dirishani. Anayetoka ni mnyama, shingoni na kidevuni ana madoa yaliyolowa. Ndani watumishi wanapigana vikumbo nani akampe mtoto habari hizo nzito, maskini, atazipokeaje. Na mtoto, kimya kimya, anajichomea kipande kingine cha mkate na kukipaka siagi.

Nilimsomea mpwa wangu wa miaka tisa, nikaogopa kidogo. Aliuliza swali moja tu: siagi ilikuwa nyingi?

Nataka kuandika za namna hii. Nianzie wapi?

Anzia msibani, na peleka masikio. Sikiliza wasifu wa marehemu unavyosomwa. Kuna duka la kuchapisha, upande wa Majengo, silitaji, ambako kijana ana wasifu mmoja kwenye kompyuta na kazi yake ni kubadilisha jina na tarehe. Nilikuwepo siku uliposomwa wa mzee ambaye hajawahi kuoa wala kuwa na mtoto, na msomaji akatamka kwa huzuni kubwa kwamba ameacha mjane na watoto sita. Hapakuwa na aliyecheka. Kilichotokea ni kwamba watu walianza kuangaliana, na mama mmoja wa kwaya akainama. Mpaka leo mtaa umegawanyika. Mimi naamini ni kosa la kompyuta, lakini ni wachache wanaoniunga mkono.

Kisha jifunze kukiweka kifo pembeni mwa sentensi. Wanaoanza huandika hivi: "Kwa masikitiko makubwa, mama mkwe alitumbukia kisimani na kufa kifo cha kutisha mno." Umeshalia mwenyewe, msomaji afanye nini? Andika: "Mama mkwe alitumbukia kisimani Jumanne, siku ambayo maji ya bomba yalitoka." Aliyewahi kuishi kwa mgao wa maji ataumia mahali sahihi.

Usimkasirikie mhusika wako. Mpende, mpe chai, mwache aongee. Mtu wa heshima ukimwacha aongee muda wa kutosha atajimaliza, na wewe mkono wako safi. Nami nikikasirika huwa naandika barua, sio hadithi, na barua hizo sizipeleki.

Ukimaliza, futa mstari wa mwisho. Karibu kila mara ni mstari unaomweleza msomaji alichokwisha kukielewa. Na usimuue maskini, usimuue mgeni wa mji, usimuue mtumishi wa ndani, hata kama hadithi inakubembeleza. Hao hufa bure kila siku bila msaada wetu. Muue anayekaa kwenye utepe.

Mbona hakuna damu?

Kwa sababu nyumba za watu wa heshima zina watu wa kufanya usafi.

Kwa nini Kiswahili sanifu? Ungechanganya na Kigogo kidogo ingenoga.

Watu wangu hawa wanachanganya Kiswahili na Kiingereza cha semina. Kigogo wanakificha mpaka wakasirike. Siku mhusika wangu atakapokasirika kweli, mtakisikia.

Familia yako inakuchukuliaje?

Mama alisoma tatu, akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "huna hata moja ambayo mtu anapona?" Nikamwambia ninayo, ile ya mganga. Akaisoma. Akasema bora angekufa.

Shangazi hazungumzi nami tangu niandike ya shangazi. Nimemweleza kwamba ni shangazi wa kubuni, ana gari la rangi nyingine. Amesema rangi ya gari si hoja, hoja ni kicheko chake, na kwamba watu watatu wamemtambua. Niliwauliza hao watatu. Kila mmoja alidhani ni shangazi yake.

Unaweza kumwandika bosi wangu? Nitakupa mambo yake yote.

Naletewa maombi haya kila wiki, mengine yana viambatanisho. Sifanyi kazi ya kukodishwa. Halafu ukinipa mambo yake yote nitaanza kumpenda, na atakayekufa kwenye hadithi utakuwa wewe.

Yule mwenyekiti mwenyewe ameshaisoma?

Kwa miezi sita nilijibu kwamba hakuna mwenyekiti mwenyewe, ni wa kubuni. Kisha siku moja, nikiwa kwenye foleni ya daladala Sabasaba, simu iliita, namba ngeni.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu. Nimetumiwa hadithi yako na watu kumi na wanne."

Nikakaa kimya. Daladala likaja, likajaa, likaondoka.

"Kufa sina neno," akasema. "Kila mtu atakufa. Na hilo gazeti, sawa, nimelichukulia kama utani. Lakini laki tano, mwanangu? Mimi? Kwenye harusi ile niliahidi milioni moja na nusu, mbele ya watu, na muhtasari upo."

Nilimwambia hadithi imeshasambaa, siwezi kuibadilisha. Akahema, nikasikia anazima televisheni ili anisikie vizuri. Kisha akaniuliza kama nikiandika ya pili anaweza kufa akiwa ameshalipa.